Ghala la Naam

Mwenye nafasi na akae, mwenye haraka na apite salama. Hadithi hii haimfukuzi mtu wala haimngojei. Namna Mize binti Haji, fundi saa, alivyofika nchi ya Ridhaani haitasimuliwa hapa, maana yeye mwenyewe kila alipoulizwa alisema tu kwamba njia ilikuwa ndefu na viatu vilikuwa vibaya. Linalotuhusu ni kwamba alifika Jumatatu asubuhi, begi la vifaa begani na barua ya wito mkononi, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa lango. Juu ya lango yalichongwa maneno kwa herufi ndefu kama mkono wa mtu: HAKUNA KIPANGA KITAKACHOPIGA BILA NAAM YA MWANADAMU.

Bawabu, mtu mnene mwenye adabu nyingi, alimpokea begi, akampa kiti, kisha akamwekea mbele yake vibuyu vitatu vidogo, kila kimoja sawa na ngumi.

"Karibu sana, Bibi. Tafadhali sema naam ndani ya kila kimoja."

"Naam ya nini?"

"Naam tu, Bibi. Ya nini, itajulikana baadaye."

Mize alikuwa na kiu na miguu ilimuuma. Akasema naam mara tatu. Bawabu akaviziba vibuyu kwa nta upesi upesi, akakitikisa kimoja sikioni, akatabasamu, akavipanga kwenye rafu ya juu kabisa. "Za wageni hukaa mwaka mzima zikomae," alieleza. "Kipanga hakishiki sauti ngeni mpaka ikae." Mize hakuelewa, wala hakuuliza tena. Baadaye alijuta sana, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Alipangiwa kukaa kwa Bi Kibibi, mwanamke wa makamo, mshonaji wa tiara. Msomaji asidhani ni tiara za watoto za karatasi na uzi. Tiara za Ridhaani ni pana kama paa la nyumba. Mtu hujifunga chini yake kwa mikanda, hukimbia mpaka ukingo wa mlima, na upepo humchukua. Zamani wapanda tiara walikuwa mia nne, na ndio waliopigana vita vya angani, uso kwa uso, kila mmoja akimwona mwenzake rangi ya macho. Sasa walibaki tisa, wa kupeleka barua, na mmoja wao alikuwa Makungu, mume wa Bi Kibibi. Siku ile hakuwepo. Idara ya Salamu ilikuwa imemtuma Kule.

Kule ndilo jina la nchi ya pili, ng'ambo ya jangwa la chumvi. Watu wa Kule nao, Mize alikuja kuambiwa, huiita Ridhaani "Kule", na hakuna upande ulioona ajabu. Vita kati yao vilikuwa na umri wa miaka sitini, na wote waliokumbuka chanzo chake walikuwa wameshakufa.

"Atarudi Ijumaa," Bi Kibibi alisema, akionyesha kitambaa chekundu alichokitundika juu ya paa. "Akikiona kile anajua nyumba ipo na chai ipo."

Alimpenda mgeni wake papo hapo, na mgeni akampenda. Lakini kulikuwa na jambo moja. Asubuhi ya Jumanne muuza ngisi alibisha hodi akauliza, "Bi Kibibi, leo utachukua ngisi?" Bi Kibibi akaitika "Naam!" kwa sauti tamu, kisha akamshika Mize mkono, wakaingia chumbani wakajibana nyuma ya kabati. Muuza ngisi akangoja kidogo, akasema "Naam, nimekwenda," akaenda zake.

"Kama humtaki ngisi, si umwambie hapana?" Mize alinong'ona.

Bi Kibibi alimtazama kwa huruma, mtu anavyomtazama mgeni anayekula kwa mkono wa kushoto. Hivyo ndivyo Mize alivyojua kwamba katika nchi ile hakuna akataaye. Watoto hukataa mpaka wanapoota meno ya pili, kisha huacha, na wazee hufurahi kwamba mtoto amekua. Mtu mzima huitika naam, halafu hujificha, au huugua, au husahau, au huhamia mtaa mwingine. Nyumba za Ridhaani zina makabati makubwa sana.

Na hata hivyo, ukweli usemwe, ilikuwa nchi ya kupendeza. Njia zilifagiliwa, watu waliamkiana mpaka na paka, na uji wa asubuhi ulikuwa na iliki ya kutosha. Mize alishangaa jinsi alivyostarehe pale.

Saa nne akapelekwa Ghala la Naam. Mkuu wa ghala, Mwinyi Fumo, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimtembeza kati ya rafu zilizopanda mpaka darini, zote zimejaa vibuyu.

"Elfu sabini na zaidi," alisema. "Na sheria yetu, Bi Mize, haijavunjwa hata siku moja."

"Sheria ya langoni?"

"Hiyo hiyo. Zamani kipanga kilikwenda mpaka pale macho yanapokomea. Mtu alikaa mnarani. Kipanga kikimwona adui kilimgeukia yule mtu, naye akishamwona adui kwa macho yake husema naam, nacho hupiga. Kisha mafundi wakaongeza nguvu ya kamani, ule utepe wa chuma unaokisukuma. Kipanga kikaenda mbali kuliko macho, halafu mbali kuliko sauti. Tufanyeje? Kuvunja sheria hatuwezi, sisi si watu wa hivyo. Ndipo babu yangu alipogundua vibuyu."

Kibuyu cha Ridhaani kina tabia yake: neno likiingizwa na kuzibwa kwa nta, hukaa humo miaka. Kila Jumatano nyumba zote huletewa vibuyu vitupu, na kila Alhamisi huvirudisha vimejaa. Kipanga, ambacho ni cha shaba tupu na kina ukubwa wa mbuzi, hubeba kimoja kifuani. Kikifika huko upeoni, mwendo wa siku nzima kutoka kwa mtu yeyote, huangalia, hupima, huamua. Kikishaamua hukipasua kibuyu, husikia naam, hupiga.

"Kinaamua kwanza," Mize alisema polepole, "halafu ndipo kinasikia naam?"

"Naam."

"Na aliyeisema aliisema kabla kipanga hakijaona kitu?"

"Wiki kadhaa kabla. Wakati mwingine miaka." Mwinyi Fumo akakishika kibuyu kimoja kwa upendo. "Tuna naam za marehemu humu, nzuri sana, hazijachuja hata kidogo."

Mize aliuliza kama kipanga huwa hakikosei. Mzee akavua miwani, akaifuta. Mwaka uliopita, alisema, kipanga kimoja kiliipiga tiara ya harusi, yenye bwana na bibi harusi na mshenga, iliyokuwa imepeperushwa na upepo upande wa Kule. Kesi ilisikilizwa siku tisa. Nani aliamua? Kipanga. Nani aliitika? Mwanadamu. Mwanadamu gani? Hapo kesi ilikomea, kwa kuwa naam haiandikwi jina, ili mtu asije akakosa raha nyumbani kwake. Kipanga kilihukumiwa kutazama ukuta miezi mitatu, na wazazi wa bibi harusi walialikwa kuja kukiona kikitazama.

"Walikuja?"

"Walisema naam," Mwinyi Fumo alijibu. "Hawakuja."

Alirudisha miwani machoni. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa ametunza vizuri kitu alichorithi, na watu wa namna hiyo ndio wanaotunza mambo mengi ya dunia, mazuri na mabaya.

Waziri wa Umbali mwenyewe ndiye aliyemweleza Mize kazi aliyoitiwa. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na mikono safi. Vipanga, alisema, vina ila moja. Vinapoteza muda kusikiliza. Muda wa kupepesa jicho, ndiyo, lakini vipanga vya Kule, kwa habari alizozipata, havisikilizi kabisa.

"Kwa hiyo nataka uling'oe sikio."

"Na naam, Mheshimiwa?"

"Naam itaendelea kubebwa, kwa heshima zote. Ila isisikilizwe. Sheria inasema bila naam. Haisemi bila kusikia."

Wasaidizi wake wanne wakasema naam kwa pamoja. Mize akajibu kwamba fundi hatoi neno kabla ya kufungua kifuniko, akaomba apewe kipanga kimoja na meza yenye mwanga.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kile kiliundwa na fundi hasa. Mize alipofungua kifua cha shaba alisahau chakula cha mchana. Sikio lilikuwa ngozi nyembamba, na nyuma yake kijiti chenye njia mbili. Ngozi ikitikiswa na naam, kijiti kiliangukia kulia, na makucha yakafunguka. Ikitikiswa na neno lingine, kijiti kiliangukia kushoto, na mabawa yakageuka kurudi nyumbani. Njia ya kulia ilikuwa imelika na kuwa nyeusi kwa matumizi. Ya kushoto iling'aa kama siku ilipotoka mikononi mwa fundi. Hakuna kitu kilichowahi kupita pale.

Alimwita Mwinyi Fumo akamwonyesha. Mzee akainama, akatazama kwa adabu. "Ah, ile," alisema. "Ile ni pambo."

Mize alimfikiria yule fundi wa kale, aliyekaa kwenye meza kama ile akakata njia ya pili kwa tupa, kwa uangalifu ule ule, akiamini kwamba siku moja mtu angeihitaji. Roho ilimuuma kwa niaba yake.

Jumatano, walipokuwa wakinywa uji, mpiga mbiu akapita. Vipanga kumi na viwili vitarushwa Alhamisi alasiri. Vitakaa juu ya jangwa la chumvi siku mbili. Vitapiga chochote kitakachopaa kutoka Kule.

Bi Kibibi alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Akaendelea kutunga, akakosa tundu, akajaribu tena, akakosa. "Makungu anatoka Kule kesho kutwa," alisema. Kisha akavaa buibui, naye Mize akavaa viatu vyake vibaya, wakatoka mbio.

Idara ya Salamu iko ghorofa ya kwanza ya jengo kubwa la serikali. Karani aliwasikiliza mpaka mwisho akasema naam, bila shaka, Makungu ametumwa na idara hii, atarudi Ijumaa, amelindwa na barua yenye mhuri. Je, vipanga vinaujua huo mhuri? Hilo waulizwe Idara ya Vipanga, ghorofa ya pili. Ngazi ya kutoka ya kwanza kwenda ya pili ilikuwa imefungwa kwa matengenezo tangu miaka kumi na mmoja iliyopita, kwa hiyo walitoka nje, wakazunguka jengo, wakapanda kwa mlango wa nyuma. Huko nako waliambiwa naam, vipanga vitarushwa, na naam, Bwana Makungu ni mtu mwema, na naam, jambo hili litazingatiwa. Walipogeuka kuondoka walimwona karani wa pale akiingia kabatini.

Waziri wa Umbali aliwakaribisha chai.

"Nakuonea huruma, Bi Kibibi, wallahi. Lakini nifanyeje? Kipanga hakisubiri amri yangu. Kinaamua chenyewe, huko huko kiliko. Mimi ni nani nikiingilie? Ndiyo maana nalala vizuri."

"Basi visirushwe, Mheshimiwa, mpaka arudi."

"Naam," Waziri alisema kwa upole, akasimama, akaenda dirishani akawapa mgongo mpaka walipoondoka.

Njiani Bi Kibibi hakulia. Alitembea akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimejaza vibuyu tangu nilipoolewa, Mize. Miaka thelathini. Nilikuwa najaza huku napika. Hata ile tiara ya harusi, huenda ilikuwa sauti yangu." Hapo ndipo Mize alipomsimamisha katikati ya njia.

"Vibuyu vya leo vimeshaletwa kwenu?"

"Arobaini. Nyumba ya mpanda tiara hupewa vingi, kwa heshima."

"Twende ukaseme la."

Kusema ni rahisi kwako wewe unayesoma. Bi Kibibi alikaa kitako juu ya mkeka, kibuyu mdomoni, na neno likakataa. Mize alimfundisha kama anavyofundishwa mtoto. "Ulimi uweke nyuma ya meno ya juu. Hapo hapo. Sasa uachie, mdomo ufunguke."

"Naa..."

"Hiyo ni naam inataka kutoka. Anza tena."

"Nnn..."

Ulimi hauna mfupa, lakini wa Bi Kibibi siku ile ulikuwa na mfupa. Walijaribu mpaka uji wa asubuhi ukaganda chunguni. Jasho lilimtoka. Alisema labda Mize aseme badala yake, na Mize akamkumbusha kwamba sauti ya mgeni kipanga hakiishiki kabla ya mwaka. Mwishoni fundi akachoka kufundisha. Akakishika kibuyu yeye mwenyewe, akakileta karibu na uso wa mwenzake, akamuuliza, "Bi Kibibi, kipanga kimpige Makungu?"

"La!"

Kibuyu kilipasuka vipande viwili. Paka akakimbilia uani. Bi Kibibi alijishika mdomo, macho yamemtoka, kisha akaanza kucheka, na kucheka kule kukachanganyika na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu asubuhi. Akavuta kibuyu cha pili. "Niulize tena," alisema. Alivijaza thelathini na tisa vyote vilivyobaki bila kupumzika, la za kila namna, ndefu, fupi, kali, za upole. Muuza ngisi alipobisha alasiri ile, alijibiwa moja kutoka ndani, akasimama mlangoni muda mrefu akijaribu kufahamu amepata nini.

Alhamisi Mize alikipeleka kikapu cha vibuyu ghalani yeye mwenyewe. Alimwambia Mwinyi Fumo kwamba vipanga vyote kumi na viwili ni bora vibebe vibuyu vya nyumba moja, vilingane uzito, na mzee akasema naam, hilo ni wazo zuri la kifundi. Mize akavipanga kimoja kimoja vifuani. Kabla ya kufunga kila kifuniko alitia tone la mafuta kwenye njia ya kushoto. Vibuyu ishirini na saba vilivyosalia Mwinyi Fumo alivichukua, akavifuta vumbi, akavipanga kwenye rafu kati ya elfu sabini vingine, kwa mkono wake mwenyewe.

Vipanga viliruka alasiri, watu wakashangilia. Mize hakushangilia. Hakujua kama njia isiyopitwa miaka sitini ingepitika. Kijiti kinaweza kuganda. Ngozi inaweza kulisahau neno. Alikuwa ametengeneza saa maelfu maishani mwake, na hakuna hata moja iliyobeba roho ya mtu.

Ijumaa baada ya swala wanawake wawili walipanda juu ya paa, wakakaa kando ya kile kitambaa chekundu. Saa tisa kitu kiling'aa mbali juu ya chumvi. Kikawa viwili, vikawa vitatu. Vipanga vilikuwa vinarudi, makucha yamefungwa, kimoja nyuma ya kingine. Vikashuka uwanjani mbele ya Ghala, vikajipanga, vikageuza vichwa vyao vya shaba kuwatazama watu, kama kuku wanaongoja mtama. Mize alivihesabu kwa kidole mpaka kumi na viwili. Kisha akavihesabu upya.

Na nyuma yao, juu sana, pole pole, ikaja tiara moja yenye viraka ambavyo Bi Kibibi alivijua kila kimoja, maana alivishona yeye.

Makungu alitua vibaya kwenye bustani ya jirani, akavunja mpapai. Alikuwa mtu mrefu mwenye aibu, na alisimulia huku mke wake akimfungua mikanda. Kipanga kilimjia katikati ya jangwa, kikakaa mbele yake umbali wa mkono, kikamtazama. Alijua kimeshaamua. Alifumba macho akatoa shahada. Akasikia kibuyu kinapasuka.

"Halafu nikasikia sauti yako, Kibibi. Ikasema la! Kwa ukali! Kikageuka, kikaja kingine, ukasema tena, mpaka vyote kumi na viwili."

"Ukafanyaje?"

"Nikadhani unanikataza nisirudi nyumbani," Makungu alisema. "Nilikaribia kugeuza tiara. Nilijiuliza nimekosa nini."

Jirani hakudai fidia ya mpapai. Alipoombwa radhi alisema naam, na naam ile aliimaanisha.

Jumamosi likakaa Baraza. Waziri wa Umbali alizungumza kwa sauti ya chini kuliko siku zote, na waliomjua wakaogopa. Vipanga kumi na viwili vimerudi bila kupiga. Sheria imevunjwa? Wanasheria walijadiliana mpaka adhuhuri, wakaona kwamba sheria yasema kipanga kisipige bila naam. Havikupata naam, havikupiga. Kwa hiyo hii ndiyo mara ya kwanza sheria kufuatwa tangu vibuyu vigunduliwe. Minong'ono ikapita barazani. Waziri akauliza basi ni nani aliyetia neno lile vibuyuni. Mwinyi Fumo akasimama, akakumbusha kwa heshima kwamba kibuyu hakiandikwi jina, ili mtu asije akakosa raha nyumbani kwake.

Waziri akamgeukia Makungu. "Wewe ulikisikia. Uliitambua sauti?"

Makungu alikuwa mtu wa Ridhaani, mwana wa mtu wa Ridhaani. Mdomo wake ulifunguka wenyewe kwa ajili ya naam. Mize, aliyekaa safu ya nyuma, aliona naam ile ikifika kwenye midomo. Kisha Makungu akamtazama mke wake, naye Bi Kibibi, bila kutoa sauti, akagusa nyuma ya meno yake ya juu kwa ncha ya ulimi.

"La, Mheshimiwa," Makungu alisema.

Baraza zima lilingoja sentensi iendelee, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusikia sentensi ikiishia hapo.

Waziri akaamuru vibuyu vyote vya ghala vikaguliwe, vibaya vitolewe. Mwinyi Fumo alisimama tena. Kibuyu ukikifungua ukasikiliza, alisema, neno limekwisha, halirudi. Kuvikagua elfu sabini ni kuvimaliza elfu sabini. Na kama havikaguliwi, hakuna mtu chini ya jua awezaye kujua kipanga kipi kimebeba nini. Alisema hayo kwa masikitiko ya mtunza ghala, lakini Mize aliona mkono wake ukipapasa ule uzi wa miwani, na kwenye pembe ya mdomo palikuwa na kitu kinachofanana sana na tabasamu. Alikumbuka jinsi mzee alivyovifuta vumbi vile ishirini na saba, kimoja kimoja, akivileta karibu na sikio.

"Basi imebaki kung'oa sikio," Waziri alisema. "Bi Mize, umeshafungua kifuniko. Utaling'oa?"

"La," Mize alisema. Kwao alikotoka lilikuwa neno la kila siku, lakini pale lilimtoka kwa raha ya ajabu.

Vita havikwisha siku ile, na atakayesema vilikwisha ni mwongo. Lakini kwa kuwa hakuna aliyeweza kuamini kibuyu, wala fundi mwingine wa kung'oa sikio hakupatikana, ilibidi kila kipanga kifuatane na mtu wa kutazama kwa macho yake na kujibu kwa mdomo wake. Wapanda tiara tisa waliitwa kazini. Mmoja mmoja walikwenda mpaka upeoni, wakatazama, wakaona korongo, wakaona wingu, wakaona mtu wa Kule anayepiga chafya, na wengi waligundua kwamba kusema naam huku unamtazama mtu ni kazi nzito sana. Vipanga vilirudi na makucha safi wiki baada ya wiki. Bi Kibibi alipata kazi nyingi ya kushona, na muuza ngisi, baada ya kukataliwa siku kumi mfululizo, akaanza kuuza pweza, akajibiwa naam ya kweli.

Mize aliondoka mwezi uliofuata. Langoni bawabu alimpokea begi, akampa kiti, akamwekea vibuyu vitatu.

"Naam tatu za kwaheri, Bibi."

Mize alitazama rafu ya juu kabisa. Naam zake tatu zilikuwa pale mahali fulani, zikikomaa. Aliomba arudishiwe, na bawabu akamweleza kwa majonzi kwamba hazina jina, hawezi kuzijua kati ya zingine. Basi Mize akachukua kibuyu cha kwanza akasema la. Akachukua cha pili, na cha tatu. Bawabu alisikia kila kimoja, maana alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake. Aliviziba kwa nta, akavitikisa sikioni, akavipanga kwenye rafu ya juu kwa uangalifu mkubwa.

Kisha akamrudishia begi, akatazama kulia, akatazama kushoto, akakitoa mfukoni kibuyu cha nne.

"Samahani, Bibi," alisema kwa sauti ndogo. "Ulimi unawekwa wapi hasa?"

Mize akaweka begi chini.